Kasha la nyanya: ntajuaje kama hivi vyombo ni fedha kweli, na nivisafishe vipi?

MwanaKuze:
Asalaam aleikum wadau, na wengine wote hamjambo. Naombeni msaada manake hapa nyumbani pameshaanza maneno. Nyanya yetu alitangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na sisi wajukuu wa kike tukaachiwa kijikasha chake ambacho tukiwa wadogo hata kukigusa ilikuwa kesi. Ndani mna mrashi mmoja wa kunyunyizia marashi wa shingo ndefu, chetezo kidogo, mafurungu (bangili za miguuni) jozi moja ambayo ukiyatikisa yanalia, timbi (bangili pana) moja nzito sana, sarafu kubwa ya mwanamke mnene imeandikwa 1780 imetiwa kipete cha kuvalia kwenye mkufu, na vijiko sita vya chai vya kizungu. Vyote vimekuwa vyeusi, na mrashi una manjano manjano mahali mahali.

Nikavipeleka kwa sonara mmoja akavitazama dakika mbili akaniambia havina muhuri kwa hivyo si fedha, ila yuko tayari kuvinunua vyote kwa uzani. Dada yangu naye anataka avisugue kwa dawa ya meno na ndimu viwe tayari harusi ya mwezi ujao. Mimi nimemwambia angoje niulize kwanza. Nianzie wapi?

jembe_la_kale:
Weka sumaku tu dada, ikishika si fedha, isiposhika ni fedha. Umemaliza.

Shabanuru:
@jembe_la_kale hapo umemdanganya ndugu. Sumaku ikishika ndio, kuna chuma ndani, lakini isiposhika haijathibitisha kitu, shaba haishikwi na sumaku, aluminiamu haishikwi, risasi haishikwi. Hata hizo bangili za German silver zinazouzwa mitaani hazishikwi na ndani yake hamna fedha hata chembe, ni shaba na nikeli na zinki.

Dada swali moja tu. Kama si fedha, huyo sonara anavinunulia nini?

MwanaKuze:
😂😂 hilo ndilo lililonifanya nirudi nyumbani na kasha langu

Mfua_wa_Mkunazini:
Waalaikum salaam binti yangu. Mimi ni mtu mzima, nimefua fedha miaka mingi Unguja na baba yangu kabla yangu, sasa macho hayaniruhusu lakini mdomo bado upo. Kwanza mwambie huyo dada yako aweke ndimu kwenye pilau, asiguse kasha.

La muhuri. Muhuri ni habari ya nchi zenye serikali iliyosimamia mafundi, kama Uingereza. Fundi wa Lamu au wa Unguja au wa Oman zamani hakuwa na ofisi ya kumpigia muhuri, mteja alimletea fedha yake mwenyewe, reale (sarafu kama hiyo yako ya mwanamke) au rupia, fundi akayeyusha mbele yake na kufua. Rupia za Kihindi, na zile za Mjerumani za upande wa bara, zote zilikuwa fedha asilimia 91 na kitu, ile reale ya mwanamke ni 83. Kwa hiyo timbi ya zamani ya pwani kukosa muhuri ndio kawaida yake, na ningeshtuka zaidi kama ungeniambia imeandikwa 925 manake hiyo namba ni mambo ya juzi juzi na mara nyingi kitu kimetoka kiwandani. Sisemi kila kisicho na muhuri ni fedha, nasema muhuri peke yake usikuamulie.

Unachotazama ni kazi. Chukua kioo cha kukuzia, tazama maua yaliyochorwa kama mistari ni ya patasi au ya kumimina kwenye kalibu. Ya mkono hayalingani, jani hili nene lile jembamba, na patasi ilipoanzia pana kijikona kikali. Ya kalibu yamevimba na kulegea kama sabuni iliyotumika, na utaona vitundu vidogo vidogo. Kisha tazama mahali panaposuguana, chini ya timbi na ndani yake. Kama imevaliwa miaka sitini lazima imelika hapo, ikiwa ukongwe uko juu peke yake na ndani pana makali ya msasa, basi uzee huo umepakwa.

Halafu pima uzito kwa maji, hii haidanganyi sana. Nunua ile mizani ndogo ya dijitali inayosoma gramu na pointi. Pima timbi kavu, andika. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, rudisha kwenye sifuri, kisha funga timbi na uzi mwembamba uizamishe majini yote bila kugusa chini wala pembeni, uzi umeushika wewe mkononi. Namba utakayoona sasa ni ukubwa wa kitu chenyewe. Gawa ile ya kwanza kwa hii ya pili. Fedha tupu inakupa kama 10.5, fedha ya mafundi wetu 10.1 mpaka 10.4, shaba safi inakaribia 9, German silver 8 na nusu hivi au zaidi kidogo. Usifanye kwa mafurungu, yana uwazi ndani, hewa itakuharibia hesabu na maji yakiingia hayatoki.

Shabanuru:
Mzee mbona hujamwambia habari ya jiwe na asidi, ile ya kusugua chombo kwenye jiwe kisha kutonea asidi? Masonara wote wanapima hivyo

Mfua_wa_Mkunazini:
Kwa sababu asidi ile inachoma mkono na inaacha kovu kwenye chombo, na mtu akiipima juu juu kwenye kitu kilichochovywa fedha juu tu itamwambia fedha, lazima ukwangue ufike ndani. Ya nini kumkwangulia mtoto wa watu urithi wake wakati maji yapo bure? Hata zile mashine za kumulika zilizoko kwa masonara wakubwa zinasoma ngozi ya juu tu, kama kitu kimechovywa kwa unene mashine nayo itadanganyika.

nanga_birmingham:
Salaam dada, mie niko Birmingham huku, na karibu na ninapofanyia kazi kuna ile ofisi ya kupima fedha iliyoanzishwa 1773, kwa hiyo mihuri ya vijiko niachie mimi. Geuza kijiko utazame nyuma ya mpini. Fedha halisi ya Kiingereza ina simba anayetembea, ubavu wake unakutazama, mguu wa mbele ameuinua. Huyo simba ndiye anayekwambia ni 925 kwa elfu. Pembeni yake kuna alama ya mji, nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, taji ni Sheffield mpaka 1974 kisha wakaweka waridi. Pana herufi moja ya alfabeti nayo ni mwaka, lakini kila mji una mtindo wake wa herufi na wa ngao inayoizunguka, kwa hiyo usikisie, tafuta jedwali la mji huo. Ukiona na kichwa cha mfalme au malkia kidogo, hiyo ilikuwa ya ushuru, kati ya 1784 na 1890.

Sasa balaa liko hapa, kuna vijiko vimeandikwa EPNS kila herufi kwenye kijingao chake na kwa mbali unaapa ni mihuri ya fedha. Hiyo ni nikeli na shaba iliyochovywa fedha kwa umeme, kampuni ya Elkington ya hapa hapa Birmingham ndio waliopata hati ya njia hiyo 1840 na tangu hapo dunia nzima ikajaa vijiko. Pwani yetu imejaa hivyo, vya mahoteli, vya mameli, vya wazungu waliouza vitu wakiondoka. A1 nayo ni ya kuchovya, ubora wa kuchovya tu. Ukiona 800 na mwezi mwandamo na taji basi ni fedha ya Ujerumani kweli, asilimia 80, hiyo nayo huokotwa Tanga na Dar mara moja moja.

MwanaKuze:
Vijiko vyote sita EPNS 😩 nimeviona sasa hivi kwa tochi ya simu

nanga_birmingham:
Pole ila usivitupe, ni vijiko vizuri vya kunywea chai. Usivisugue sana tu manake ile fedha ya juu ni ngozi nyembamba, kila ukisugua unaondoka nayo, siku moja utakuta njano au kijivu kimechungulia kwenye tumbo la kijiko.

BintiMatrah:
Waalaikum salaam ukhti. Nakuandikia kutoka Muscat, wazee wangu ni wa Pemba. Hiyo sarafu yako ni reale ya Maria Theresa, huku ilitumika kama pesa mpaka miaka ambayo wazazi wetu wanaikumbuka, na huku kwetu wanawake wameivaa shingoni hadi leo. Usifurahie huo mwaka lakini. Mama huyo wa Austria alikufa 1780 na watu wa huku na Uhabeshi hawakutaka kupokea sarafu yenye mwaka mwingine wowote, basi wakaendelea kuipiga na 1780 hiyo hiyo miaka nenda miaka rudi, Vienna, kisha Roma kuanzia 1935 Mussolini alipochukua kalibu, London ikafuata, Bombay, na Vienna wanaipiga hata sasa. Kwa hiyo yako inaweza kuwa ya miaka mia mbili au ya juzi ya vita vya pili.

Ya kweli ina gramu 28 na nukta kidogo, upana karibu sentimita 4, na ukizungusha ukingo wake utaona maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA na mapambo katikati. Za kughushi zilizomiminwa ukingo huwa mtupu au una mstari mmoja wa pale kalibu mbili zilipokutana. Hicho kipete kilichochomelewa kwa wakusanyaji wa sarafu ni kasoro, lakini kwa sisi ndio kinachoonyesha ilivaliwa, usimruhusu mtu akuondolee.

Na hayo manjano ya kwenye mrashi, tafadhali kabla hujakata tamaa niambie yako wapi hasa. Juu ya mabonge ya maua, au kwenye mabonde baina yake?

jembe_la_kale:
Manjano ni shaba inachungulia hiyo, imechovywa. Nyanya aliuziwa mbuzi kwenye gunia

BintiMatrah:
@jembe_la_kale sio lazima ami. Mafundi wa Oman, na wa Kutch kule India ambao wengi walikuja kufanya kazi pwani, walikuwa na mtindo wa kutia dhahabu sehemu sehemu juu ya fedha. Ndio maana nauliza yako wapi. Kama chombo ni cha shaba kilichochovywa fedha, njano itatokea pale panaposhikwa sana, kwenye tumbo, kwenye ukingo wa kitako, juu ya maua, manake fedha imelika hapo. Kama ni dhahabu juu ya fedha inakuwa kinyume, panaposhikwa dhahabu imeondoka na iliyobaki imejificha kwenye mabonde mkono usikofika.

MwanaKuze:
Subhanallah, iko kwenye mabonde! Kuzunguka maua na chini ya ile pete ya shingoni, juu ya maua hakuna kabisa, ni kijivu cheusi tu.

Halafu nimepima, kaka yangu ana mizani ya kupimia viungo vya keki ya mkewe lakini inasoma pointi. Timbi kavu gramu 71, majini ikasoma 7.0. Sarafu na kipete chake 30.2, majini 2.97. Kijiko nikapima kwa ubishi tu, 21 na 2.4.

Mfua_wa_Mkunazini:
Maashaallah. Timbi inakuja 10.1 na ushei, sarafu hivyo hivyo, kijiko 8.75. Timbi ni fedha na fedha yake ni sawa sawa na ya reale, ningekuwa mtu wa kuweka dau ningesema reale mbili au tatu ziliyeyushwa zikawa timbi hiyo. Hicho kipete kimeongeza gramu mbili, si neno.

Mrashi siwezi kukuapia bila kuushika, lakini maneno ya BintiMatrah ni maneno ya mtu anayejua. Kwa hiyo huo mrashi usiguswe na kitu cha kusugua, hata kile kitambaa cha dawa kinachouzwa madukani, manake hiyo dhahabu iliyobaki ni kiwingu tu. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya maji isiyo kali, brashi laini ya mtoto, kisha ukaushe papo hapo, na ndani upulize kwa ile mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye baridi, manake maji yakibaki humo utapata kijani kwenye maungio.

Shabanuru:
Na weusi wote wa hivyo vingine je? Mimi najua njia ya foili, unaweka karatasi ya aluminiamu kwenye beseni, maji ya moto, chumvi kidogo na beking soda (sio beking pauda), unatumbukiza dakika chache weusi unahama. Harufu ya yai bovu ukiisikia ujue kazi inafanyika.

Mfua_wa_Mkunazini:
Kwa vijiko vyake hivyo, sawa, fanya, dakika moja mbili inatosha. Weusi ule ni fedha iliyoshikana na salfa ya hewani, na njia hiyo aluminiamu inaibeba salfa na fedha inabaki ilipokuwa, kwa hiyo haili chombo kama kusugua. Lakini kwa vitu vya kasha sitaki kuisikia. Inaondoa weusi wote hata ule wa kwenye mabonde ya nakshi ambao fundi aliuacha makusudi ili maua yaonekane, unabaki na kitu cheupe kilichokufa hakina sura. Na mafurungu yana uwazi, yale yanayolia ndani ni vijiwe au mbegu, mengine yamejazwa ulimbo ili yasibonyee, ukiyatia maji ya moto ulimbo unalainika na chumvi inaingia kwenye ufa na kuanza kula kutokea ndani. Nimeletewa mafurungu ya namna hiyo zaidi ya mara moja na watu wanalia, hakuna la kufanya.

Timbi na mafurungu: fulana ya pamba iliyochakaa, unyevu kidogo wa maji na sabuni, futa, kausha, kisha kitambaa kikavu sugua polepole kwa kufuata urefu wake, sio kuzungusha zungusha. Paking'aa penye mabonge na weusi ukabaki mabondeni, acha hapo hapo. Usitake ing'ae kama sufuria mpya. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, inachora vimistari ambavyo havitoki tena, na ile dawa ya kung'arishia shaba ndio mbaya zaidi.

Chetezo kina masizi na utomvu wa ubani, hapo maji hayatoshi, pamba yenye spiriti ya hospitali kidogo kidogo mpaka pamba itoke safi. Uwe mbali na moto tafadhali.

MwanaKuze:
Ahsante sana babu yangu. Dada kasoma hii yote kanyamaza kimya 😄 Swali jengine, furungu moja limepasuka kwenye ungio na pana kitu cha kijivu laini kama lilitengenezwa zamani. Nimpelekee fundi achomelee?

Mfua_wa_Mkunazini:
Ukucha ukiweka alama hapo ujue ni risasi, mafundi wa baiskeli wamewahi kutengeneza vingi hivyo. Fundi yeyote akipeleka moto wa kuchomelea fedha juu ya risasi, risasi inakula fedha na inatoboa. Lazima aikwangue yote kwanza mpaka chembe ya mwisho. Mwambie hivyo kabla hajawasha moto, akikujibu "najua kazi yangu" bila hata kutazama, chukua furungu lako uondoke. Halina haraka, limekaa hivyo miaka.

Nyota_ya_Amu:
Naingia nimechelewa. Dada ukiwa na nafasi ya kupanda Lamu, makumbusho pale wana vitu vya fedha vya Waswahili wamevitia kwenye makabati, chukua picha za vyako ulinganishe nakshi, itakusaidia kujua ni mkono wa wapi kuliko sisi kubishana hapa. Na kama mmoja wenu anaishi nje na mnafikiria avibebe, kumbukeni sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 hakitoki bila kibali. Mrashi wa namna hiyo unaweza kuangukia humo, waulize watu wa makumbusho kwanza msije mkanyang'anywa uwanja wa ndege.

Vipigeni picha sasa hivi kabla ya kusafisha, kila upande, na mwandike nyanya alikipata kwa nani kama mama zenu wanakumbuka.

MwanaKuze:
Mama anasema timbi na mafurungu vilikuwa vya harusi ya mamake nyanya, Pate. Mrashi ulikuja na babu kwenye jahazi, zaidi ya hapo hajui. Nimeshaandika.

La mwisho jamani, nivihifadhi wapi? Hapa kwetu bahari iko dirishani.

BintiMatrah:
Kila kimoja kivingirishe peke yake kwenye kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni ya manukato, au ile karatasi laini nyeupe isiyo na asidi ukiipata. Sufu ya kondoo usitumie, gazeti usitumie, na raba usikaribishe kabisa, watu hufunga na mipira ile ya mboga halafu wanakuta mstari mweusi umeingia ndani ya fedha, raba ina salfa nyingi. Kisha kwenye mkoba wa plastiki wa kufunga kwa kubana pamoja na vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya vya kunyonya unyevu, lakini vibadilishe, vikishiba havinyonyi unyevu tena. Kabati la jikoni hapana, mayai na vitunguu na moshi wa gesi vyote vinaleta weusi. Kabati la chumbani, chini, mbali na dirisha.

MwanaKuze:
Na chetezo harusini tukifukize udi au haifai?

Mfua_wa_Mkunazini:
Tia kikombe cha udongo ndani ndipo uweke kaa, kaa lisiguse fedha yenyewe. Ukimaliza usikimwagie maji kikiwa cha moto. Na mniletee harufu yake mpaka huku Unguja.

jembe_la_kale:
Nimetoka kupima bangili ya bibi yangu kwa maji, 8.6. Sisemi kitu.